Ndoo ya Jana

Bomba letu la Mabatini hukohoa kabla ya kutema:
kwanza upepo, kisha kutu kidogo, kisha maji
yenye harufu ya sakafu ya wodi.
Niliyamimina hivyo hivyo kwenye kioo,
kioo nilichokitoa kwenye friji la soda
lililofia mikononi mwangu,
nikakiunga kwa silikoni, pande nne na kitako.
Kazi safi. Hakikuvuja hata tone.

Furu sita. Minza aliwaleta kutoka Luchelele
ndani ya dumu la mafuta ya kula lililokatwa shingo:
wawili wenye mbavu za njano, mmoja mwekundu mgongoni,
watatu rangi ya matope tu,
na hao ndio aliowapenda.
Kulipokucha watano walielea ubavu.
Holo akauliza, macho yake kwenye mchele anaochambua,
"Ulikuwa unawafuga au unawafua?"

Sikujua kwamba maji yana tabia.
Najua gesi, najua kompresa,
namjua mteja anayesema friji limeharibika lenyewe.
Maji kwangu yalikuwa maji.

Bwire, anayefanya kazi kwenye mtambo wa maji,
akaniletea kichupa cha dawa na karatasi ya rangi.
Matone matatu, tikisa, subiri, linganisha.
Njano ni uchachu. Kijani ni katikati.
Buluu ni upande wa magadi.
"Hiyo ndiyo pieichi. Saba ni kizingitini.
Furu hapendi kukaa kizingitini,
mkaribishe ndani: saba na nusu, hata nane."

Basi nikawa mtumwa wa rangi.
Ikisoma njano, natia magadi,
yale yale ya maharage, kwa ncha ya kisu.
Ikiruka buluu, nakamua ndimu.
Asubuhi magadi, jioni ndimu,
na yule mmoja aliyebaki, wa matope,
kajibanza nyuma ya jiwe anahema
kama mtu aliyepandishwa mlima wa Bugando mbio,
akashushwa, akaambiwa umesahau cheti, rudi.
Holo akachungulia juu ya bega langu:
"Imebaki chumvi tu."

Bwire alicheka mpaka akakalia tairi.
Kisha akaacha kucheka.
"Samaki hasomi namba, fundi.
Anachojua ni jana ilikuwaje.
Maji ya bombani yakitoka tu hayasemi kweli,
yana hewa yaliyobanwa nayo njiani, yana dawa.
Yalaze kwenye ndoo, wazi, usiku mzima.
Pima asubuhi. Badilisha robo, usizidishe.
Na ndimu mrudishie mkeo."

Nikaokota makome ufukweni, viganja viwili,
nikayachemsha, nikayafunga kwenye soksi ya shule
iliyopoteza mwenzake,
nikayatundika pale pampu inapopumulia.
Hayo huyeyuka kidogo kidogo
kadiri maji yanavyochachuka,
bila kuamriwa, bila kisu.

Usiku mwingine umeme ukikatika
nakaa karibu na ndoo nikiwaza mambo ya kijinga:
kwamba maji haya yametoka ziwani,
na samaki huyu katoka ziwani,
mmoja kapita kwenye mabomba, mwingine kwenye dumu,
wakakutana sebuleni kwangu
hawajuani.

Mwezi wa tatu sasa. Kichupa kinasoma kijani
kinachoelekea buluu, leo kama juzi.
Wageni wamezoea kukatazwa kunawia miguu
kwenye ndoo iliyo mlangoni.
Na Ijumaa, nikiwa nimelala chini ya friji la mtu,
nilisikia Minza akiita kwa sauti ya kushtaki:
"Baba, amebadilika!"

Wa matope. Ametanua mapezi mbele ya jiwe lake,
mabega yote yamewaka buluu
ambayo haimo kwenye karatasi ya Bwire.

"Mimi nilimpenda vile," Minza akasema.
Nikamwambia hata mimi sikumwomba.
Akanuna kidogo,
kisha akaenda kuchota ndoo ya kesho.